Aliyemleta Kocha Jasper

Timu ya Ozi ilipotufunga bao la nne, Nicholas alivua jezi yake ya timu, akaikunja taratibu kama nguo ya kanisani, akaiweka juu ya tangi la pikipiki yake na kutangaza kwamba hataivaa tena mpaka Kocha Jasper aondoke.

"Utavaa nini sasa?" Mahadi akamuuliza. "Tumbo hilo si la kuonyesha watu."

"Afadhali watu waone tumbo langu kuliko waone ile difensi."

Tulicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Hiyo ilikuwa mechi ya tisa bila kushinda hata moja. Malka FC, timu yetu ya Garsen, ilikuwa inavuta mkia katika ligi, na bado kocha alikuwa katikati ya uwanja akiwapa wachezaji mkono mmoja mmoja, hata wale wa akiba ambao hawakugusa mpira, uso wake mtulivu kabisa. Utulivu huo ndio uliowaudhi mashabiki kuliko mabao yenyewe.

Nicholas ni mwendesha bodaboda, Mpokomo wa Ngao kama mimi, na ndiye mwenyekiti wa mashabiki. Naibu wake ni Mahadi, Muorma mwenye bucha pale Garsen. Mimi nilifanywa katibu kwa sababu nina digrii na kompyuta, na kwa sababu sikuwa nimepata kazi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba sina muda.

"Katibu," Nicholas akaniambia, "andika barua. Wenye timu waambiwe. Huyu mtu wanamng'ang'ania kwa nini?"

"Kwani hujui?" mtu mmoja akadakia. "Ni mtu wa Mzee Dukicha."

"Wa Mzee Dukicha wapi!" Mahadi akamgeukia. "Huyo ni mtu wa Mama Rosina. Mpokomo aletwe na nani mwingine?"

"Mahadi, mimi nilimwona kwa macho yangu siku ya kwanza akishuka kwenye lori la ng'ombe la Dukicha," Nicholas akasema.

"Na mimi nilimwona akikumbatiwa na Mama Rosina. Basi sote tuna macho."

Mzee Dukicha, mfugaji Muorma, na Mama Rosina, mkulima Mpokomo, ndio wenye timu. Sikulitilia maanani jambo hilo wakati ule. Nilidhani ni ubishi wa kawaida wa mashabiki waliofungwa.

Kosa la kocha, kwa maoni ya karibu kila mtu, lilikuwa moja: hakuwa na kikosi. Kila Jumamosi aliingiza watu wapya. Ukame ukizidi, Jibril, mshambuliaji wetu bora, huondoka na ng'ombe wa baba yake kwenda kutafuta majani ya delta. Maji ya mto yakishuka baada ya mafuriko, nusu ya viungo wetu wako mashambani wakipanda kabla tope halijakauka. Makocha wengine wangepiga simu, wangebembeleza, wangetuma pikipiki. Yeye alikuwa na sheria yake: aliyekuja mazoezini ndiye anayecheza. Hata kama aliyekuja ni kijana wa Tarasaa ambaye mguu wake wa kushoto hauelewani na wa kulia.

Niliandika barua Jumapili baada ya ibada. Niliandika kwa heshima. Nilisema tunawashukuru wenye timu wetu wawili, Mama Rosina na Mzee Dukicha, kwa kuunganisha timu ya wakulima na timu ya wafugaji kuwa moja, na kuipa jina la njia ile ambayo mifugo hupita katikati ya mashamba kushuka mtoni kunywa maji. Malka ni mahali ambapo watu wetu wamezoea kugombana, na wao waliamua pawe mahali pa kucheza. Lakini, nikaandika, hatuelewi. Mechi tisa ni nyingi. Tunaomba kocha mwingine.

Mashabiki mia moja arobaini na watatu walitia saini kwa siku tatu. Mimi nilitia yangu mwisho, na mkono haukuwa mwepesi. Mwalimu Jasper alinifundisha darasa la sita mpaka la nane. Wasichana walipoambiwa washike nguo za wavulana wakicheza, yeye alitupa mpira wa pili uwanjani na kusema, "Nguo ziwekwe chini, hazina miguu ya kukimbia." Sijasahau. Lakini nilijiambia kwamba kumpenda mtu ni jambo moja na kupanga kikosi ni jambo lingine.

Siku ya Jumatano nilimpata Mama Rosina nyumbani kwake Ngao, akigeuza mpunga juu ya turubai. Alisoma barua akiwa amesimama, mguu mmoja ukifukuza kuku.

"Mmeandika vizuri," akasema. "Hapa mmesema mechi tisa. Mimi ningemwondoa kwenye ya tatu."

Nilidhani sikusikia sawasawa. "Mama, wewe pia hutaki abaki?"

"Mwanangu, nina presha. Daktari amenikataza kutazama."

"Basi si umwondoe?"

"Nimwondoe vipi? Si wangu." Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini hachungulii chungu cha jirani. "Ni mgeni wa Dukicha. Hujui sheria ya timu?"

Sikuijua, na mimi ni katibu. Akanieleza. Mwaka wa kwanza wa timu, yeye Rosina alimleta kocha kutoka Malindi. Dukicha akamfukuza baada ya mechi mbili bila kumuuliza mwenzake. Ikawa maneno. Wachezaji wa mtoni wakakaa upande wao, wa ng'ombe upande wao, na timu ikabaki kidogo tu ivunjike. Walipopatana, waliandika sheria: mtu akiletwa kwenye timu, aliyemleta ndiye pekee mwenye haki ya kumwondoa. Mwingine anyamaze, hata ikimuuma.

"Nami nimenyamaza," akasema, akishika kifua. "Mechi tisa."

"Umewahi kumuuliza Mzee Dukicha ana mpango gani naye?"

"Nimuulize nini, Pauline? 'Huyu mgeni wako ataondoka lini?' Hiyo ni adabu ya wapi?"

Nilirudi Garsen nikiwa nimepata nguvu. Kumbe tatizo lilikuwa mtu mmoja tu. Nilimkuta Mzee Dukicha kwenye soko la mifugo, fimbo begani, akitazama mdomo wa fahali mmoja. Alinisalimia kwa Kiorma, nikajibu vibaya, akacheka na kunisamehe kama kawaida yake. Kisha nikamsomea barua, maana alisema miwani imebaki nyumbani.

"Kweli tupu," akasema nilipomaliza. "Huyu kocha ni mtu mzuri sana. Lakini mpira hapana. Mpira yeye hajui."

"Basi Mzee, mwondoe."

"Mimi?" Akauachia mdomo wa fahali. "Mimi nimwondoe mtu wa Rosina? Unataka timu ife? Mara ya kwanza nilifanya hivyo, mama yule hakunijibu salamu miezi minne. Miezi minne, binti yangu! Mimi nikipita Ngao, hata mbwa wananiangalia vibaya."

"Mama Rosina anasema ni mtu wako."

Mbuzi walipita kati yetu, wengi, na ilibidi nisubiri wapite wote ndipo niuone uso wake tena.

"Rosina hasemi uongo," akasema polepole. "Na mimi sisemi uongo. Sasa wewe ndiye umesoma. Niambie, hiyo inakuwaje?"

Niliondoka sokoni na barua mkononi nikiwa sielewi hata ninampelekea nani.

Nicholas na Mahadi walikuwa wakinisubiri buchani. Nilipowaeleza, hawakucheka kama nilivyotarajia.

"Mzee anaficha," Nicholas akasema. "Mimi niliona lile lori."

"Unamwita Mzee Dukicha mwongo?" Mahadi akaweka kisu chini, na jinsi alivyokiweka chini kwa uangalifu ndiyo iliyonitisha. "Sema tena."

"Sisemi mwongo. Nasema anaficha."

"Basi na mimi nasema Mama Rosina anaficha. Tumelingana?"

Walitazamana. Hawa ni watu wawili wanaogawana chai ya kikombe kimoja kila Jumamosi, mmoja akinywa juu, mwingine chini. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri nyama alisema kwa sauti ya chini, "Mmeanza," na neno hilo moja lilinitia baridi, kwa sababu sote tunajua huku kwetu mambo huanza vipi. Barua yangu ya heshima, yenye saini za Wapokomo na Waorma kwenye karatasi moja, ilikuwa imeanza kuwagawa kabla haijafika popote.

"Tusikisie," nikasema. "Wakae wote wawili, na kocha mwenyewe awepo. Aulizwe nani alimleta. Aliyemleta tumpe barua."

Tulikutana Alhamisi baada ya sala ya alasiri, kwenye hoteli ndogo ya chai nyuma ya soko. Mama Rosina alikuja na leso mpya. Mzee Dukicha alikuja na miwani. Kocha Jasper alikuja na baiskeli, na kitabu chake cha mazoezi kwapani, akiamini ni kikao cha kupanga mechi ya Jumamosi dhidi ya timu ya Bangale. Nicholas na Mahadi na mashabiki wengine kama ishirini walibaki nje, nami niliwaona kupitia mlangoni, wamejipanga ukutani kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Wenye timu walianza kuulizana habari za nyumbani. Wakaulizana habari za mpunga na za ng'ombe. Wakamaliza chai ya kwanza, wakaagiza ya pili. Nilitambua kwamba wangeweza kuendelea hivyo mpaka msimu uishe.

"Mwalimu," nikasema mwishowe, "naomba kukuuliza kitu. Ulipokuja kwenye timu, nani alikuleta?"

Alinitazama kwa mshangao, kama nilivyomzoea nilipokuwa nikikosea hesabu rahisi ubaoni.

"Si wewe?"

"Mimi?"

"Wewe, Pauline. Ulikuwa umekuja likizo kutoka chuo. Timu ilikuwa imekaa wiki tatu bila kocha. Ukaniandikia kwenye simu, 'Mwalimu, njoo Jumamosi uwashikie vijana, hata siku moja tu.' Nikaja."

Mzee Dukicha akavua miwani. "Na lori langu je?"

"Dereva wako alinipa lifti kutoka Minjila, Mzee. Jua lilikuwa kali."

"Na mimi nilivyokukumbatia?" Mama Rosina akauliza, karibu kwa kilio.

"Ulinikumbatia kwa sababu tulisoma pamoja, Rosina."

"Nilijua hilo! Lakini nilidhani nakukaribisha kwa niaba ya Dukicha!"

Nilikumbuka ujumbe ule. Nilikuwa nimeuandika nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji, haraka, bila kufikiri. Kocha alikuja, vijana wakampenda, nami nikarudi chuoni nikiamini kwamba baada ya Jumamosi ile wenye timu walimwajiri wenyewe. Wao nao kila mmoja alimheshimu mgeni wa mwenzake. Kwa miaka minne walimpa posho kwa zamu, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukosa adabu.

Kocha alitutazama mmoja mmoja. Kisha akaiona ile bahasha mbele yangu, yenye majina yakichungulia upande mmoja, na nadhani alielewa yote.

"Ah," akasema. Akachukua kitabu chake. "Niwapishe kidogo. Nitakuwa nje hapo nyuma, kwenye baiskeli."

Alipotoka, Mama Rosina alinishika mkono. Uso wake ulikuwa umejaa nafuu. "Basi, mwanangu. Sheria inajulikana. Sema tu."

"Sema, binti yangu," Mzee Dukicha akaongeza. "Sisi hatutaingilia. Haki ni yako."

Barua niliijua kwa moyo. Niliyaamini maneno yake. Nilikuwa na majina mia moja arobaini na matatu, langu likiwemo, na watu wawili wakubwa waliokuwa wakingoja neno moja tu ambalo wote walilitaka. Nilifungua mdomo kusema aondoke, na nilisikia sauti yangu ikisema, "Abaki."

Mama Rosina aliuachia mkono wangu.

"Umesema abaki?" Mama Rosina akauliza.

"Nimesema abaki."

"Kwa nini?"

Mpaka leo sina jibu moja. Nilifikiri juu ya ule mpira wa pili uwanjani Ngao, na hapohapo nikajua kwamba hiyo si sababu ya kumbakiza kocha wa timu iliyofungwa manne. Nilifikiri kwamba sheria yake ya aliyekuja ndiye anayecheza ndiyo iliyofanya vijana wa ng'ombe na vijana wa mashamba waje uwanjani bila kuhesabu wako wangapi wa upande gani. Hilo niliona ni sababu. Lakini je, nililifikiria kabla ya kusema, au baada ya kusema, ili nisionekane mjinga? Sijui. Labda nilishindwa tu kumfukuza mtu aliyekuja kwa sababu nilimwomba.

Mzee Dukicha alianza kucheka, polepole, mabega yakitikisika. "Rosina, umeona? Amekuwa mwenye timu. Amekuwa kama sisi kabisa."

Nilitoka nje kwa mlango wa mbele kwanza, maana niliona ni haki mashabiki waambiwe. Nicholas alikuwa wa kwanza.

"Wamesemaje? Ni wa nani?"

"Ni wangu," nikasema. "Mimi ndiye niliyemleta."

Wote waliangua kicheko. Nilisubiri kiishe, nikawaeleza, na kicheko kikaisha.

"Sawa, sista," Nicholas akasema kwa tahadhari. "Basi umemwondoa."

"Nimembakiza."

"Umem... Pauline! Barua umeandika wewe!"

"Najua."

"Saini umeweka!"

"Najua, Nicholas."

"Anajua!" Nicholas akamgeukia Mahadi, mikono hewani. "Mahadi, unasikia? Anajua!"

Mahadi alikuwa akikuna kidevu. "Mimi nataka kuelewa. Jana tulikaribia kukosana mimi na huyu mtu wa tumbo, kila mmoja akimtetea mkubwa wake. Kumbe anayemng'ang'ania kocha ni katibu wetu?"

"Jana sikuwa namng'ang'ania. Nimeanza leo."

"Basi kesho tunakuandikia wewe barua."

"Andikeni. Nitaisoma."

"Nani ataandika?" Nicholas akafoka. "Katibu ni wewe!"

Walibishana nyuma yangu nilipozunguka hoteli. Hawakuwa wanabishana wao kwa wao tena. Walikuwa upande mmoja, wote, dhidi yangu, na nilishangaa kwamba jambo hilo lilinipa raha kidogo, huku machozi yakinilenga.

Kocha alikuwa amechuchumaa akiutia mnyororo wa baiskeli mahali pake, vidole vyeusi kwa grisi.

"Mwalimu, utabaki," nikamwambia.

Nilitarajia atafurahi. Hakufurahi, wala hakuhuzunika. Alikaa chini kabisa, mgongo ukutani, akafuta vidole kwenye jani.

"Miaka hii yote nilidhani wale wawili wananitaka," akasema. "Nilikuwa nikisema, nikiondoka nitawavunja moyo. Kumbe walikuwa wakivumiliana. Na wewe, unanitaka kweli au unanihurumia?"

"Sijui, mwalimu."

"Angalau wewe umesema hujui." Akainuka. "Jumamosi usikae kule na mashabiki. Kaa benchi na mimi. Mwenye timu akae mahali anapoona."

Kwa hiyo Jumamosi nilikaa benchi. Bangale walikuwa wamesafiri siku nzima kwa lori, wakashuka vumbi mpaka kwenye kope, na hata hivyo walitufunga dakika ya kumi. Tukasawazisha kwa mpira uliogonga goti la Gollo, beki wetu, ambaye alikuwa amegeuka kuuliza saa. Dakika ya sabini tulikuwa sare ya bao moja kwa moja, na upande wa pili wa uwanja ukaanza kuimba jina la Jibril.

Jibril alikuwa amerudi na ng'ombe Ijumaa jioni. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi yetu, viatu vimefungwa tayari, lakini mazoezini hakuja hata siku moja. Pembeni yangu alikaa Halake, ambaye alikuja siku zote tatu na ambaye, kusema kweli, sijawahi kumwona akipiga pasi ikafika.

"Pauline!" Ilikuwa sauti ya Mahadi, iliyozoea kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. "Mwambie kocha wako! Jibril!"

"Toa kocha au ingia wewe!" Nicholas akapaza sauti. Alikuwa amevaa jezi yake, niliona.

Kocha alinigeukia. "Wanamtaka Jibril."

"Nasikia."

"Wewe unaonaje?"

Niliona Jibril angefunga. Niliona pia mikono ya Halake, iliyokuwa ikijaribu kufunga kamba ya kiatu na kushindwa. Kutoka kule kwa mashabiki jambo hili lingekuwa rahisi kama maji. Pale benchi lilikuwa na watu wawili, wote wakinisikiliza wakijifanya hawasikii.

"Kocha ni wewe, mwalimu," nikasema. "Mimi nimekubakiza tu."

Alimgusa Halake begani. Kutoka ng'ambo ulipanda mguno mrefu wa uwanja mzima, halafu jina langu, refu, likivutwa mpaka mwisho wa pumzi, na Mahadi akanionya kwamba tukifungwa nisipite tena buchani kwake. Halake aliingia akikimbia kuelekea upande usio wake, akasimama, akatazama huku na huku, akageuka. Mpira ulikuwa unakuja kwake. Nilishika ubao wa benchi kwa mikono miwili, sijui nikiomba nini hasa, na kocha pembeni yangu alikuwa amesimama, mtulivu kabisa, akimwita kwa jina.